Jumatatu Nafunga Breki

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi walimwita Koma, kwa sababu ndiye aliyepitia kila karatasi kabla haijaingia mashinani, na mkato uliokaa mahali pasipo pake aliuona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Akitokea mlangoni, vijana wa kukata karatasi waliambiana, "Koma huyo, komeni." Hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, hakuwa na mume wala mtoto, na aliishi na baba yake katika nyumba ya vyumba vitatu yenye ua wa saruji, ambamo gari lilitosha kwa shida kando ya kamba ya nguo.

Baba yake alikuwa ameendesha malori kwa miaka thelathini na sita. Mtaa mzima ulimwita Dereva, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuacha kazi. Figo zake ziliposhindwa, miaka miwili na miezi minne nyuma, alianza kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Koma ndiye aliyempeleka. Alikaa kwenye benchi nje ya wodi akisoma prufu, zile nakala za kusahihishwa, za kadi za harusi na mitihani ya shule za msingi, kisha akamrudisha baba nyumbani, kisha akaenda kazini. Hapo mwanzo aliwahi kulia garini, peke yake, mara mbili au tatu. Siku hizi hakulia, na hakujua ni lini hasa aliacha. Mtu akimuuliza, "Mzee anaendeleaje?" alijibu, "Yupo," na jibu hilo lilimtosha yeye na aliyeuliza.

Ijumaa moja walikuwa wanarudi kutoka hospitali. Tangu wiki iliyotangulia gari lilikuwa likitoa mlio mwembamba kila alipogusa breki, lakini siku hiyo mlio uligeuka mkwaruzo, chuma juu ya chuma, na watu waliokuwa wakivuka barabara waligeuka kutazama.

"Pedi zimekwisha," baba alisema.

"Nasikia."

Baba alingoja taa ziwake kijani. Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na plasta mbili mpya, pale ambapo madaktari waliunganisha mishipa, na mshipa umevimba kama kamba chini ya ngozi. Aliutazama mkono huo, akatazama barabara, akasema, "Mimi Jumatatu nafunga breki."

"Jumatatu tunakuja hospitali, baba. Tufunge Jumapili."

Baba alimgeukia. Alikuwa amefungua mdomo.

"Haya," alisema mwishowe. "Jumapili."

Neno ni moja. Fundi akifunga breki, amezitoa kwenye boksi akazikaza mahali pake. Dereva akifunga breki, amesimama. Baba alikuwa amelitafuta neno hilo tangu Jumatano, akaona litamfaa kwa kuwa halina machozi ndani yake: Jumatatu anasimama, harudi tena kwenye ile mashine. Koma alilisikia kama fundi. Kulikuwa na chuma kinakwaruza chini ya miguu yao, angesikia nini kingine? Baba angeweza kumsahihisha palepale. Lakini gari lilifika kwenye tuta, likakwaruza tena hadi kwenye meno, akaona kuwa breki nazo ni kazi inayotakiwa kufanywa.

Na kazi hiyo hakumpa fundi yeyote maishani mwake. "Fundi akikosea injini, gari halitawaka," alizoea kusema. "Akikosea breki, litawaka vizuri tu na utaondoka nalo." Sasa mkono wa kushoto ulikatazwa kubeba chochote kizito kuliko birika, wa kulia ulitetemeka, na macho yaliona vitu vya karibu kama vimewekwa nyuma ya pazia. Kwa hiyo mikono ingekuwa ya Koma.

Jumamosi alipita kwenye duka la vipuri.

"Za mbele au za nyuma?" muuzaji aliuliza.

"Za mbele."

"Fundi wako nani? Kuna mafundi wananirudishia pedi hapa, wananiambia mbovu, kumbe wamezifunga kinyume."

"Nafunga mwenyewe."

Muuzaji alimtazama kuanzia miwani hadi viatu. "Wewe, dada?"

"Mimi."

"Basi ukimaliza niambie utapita barabara gani, ili mimi nipite nyingine."

Mteja mmoja nyuma yake aliangua kicheko. Koma alifungua boksi, akatazama pedi zote nne, akasoma maandishi ya kwenye kifuniko.

"Hapa wameandika 'ubora' mara mbili," alisema.

"Nini?"

"Hakuna. Nipe na grisi."

Jumapili saa mbili asubuhi aliweka kiti cha baba uani, kwenye kivuli cha ukuta, na mto wa mgongoni. Baba alikuja polepole na kikombe chake kidogo cha plastiki, kile alichopimiwa maji ya siku nzima asizidishe, akakiweka chini ya kiti.

"Umeweka mawe nyuma?"

"Matofali. Kwenye matairi yote mawili."

"Breki ya mkono?"

"Nimevuta."

"Nati umelegeza?"

"Nanyanyua kwanza."

"Unanyanyua kwanza! Halafu tairi lizunguke hewani, na wewe uzunguke nalo kama feni. Legeza likiwa chini, mama. Nusu mzunguko tu."

Alianza na tairi la kushoto. Ilibidi asimame juu ya spana kwa mguu mmoja ndipo nati ya kwanza ilie na kuachia. Alinyanyua gari kwa jeki, akataka kuingiza mkono, baba akagonga sakafu kwa fimbo. Jeki ni ya kunyanyulia, alisema, si ya kuiamini. Koma akaleta stendi ya chuma, akaiweka chini ya gari, akashusha jeki mpaka uzito ukakaa juu ya stendi. Tairi lilitoka na vumbi jeusi, likamchafua hadi kwenye viwiko.

Nyuma ya tairi palikuwa na diski, bapa kama sahani, na juu yake kalipa, kile kipande cha chuma kinachoikumbatia diski na kuibana pedi zikiwa katikati. Alilegeza bolti ya chini, akainua kalipa juu kama kifuniko cha sufuria.

"Usiiache ininginie kwenye mpira wa mafuta," baba alisema. "Ifunge kwa waya kwenye springi. Mpira ukikatika, hata mimi sitakusaidia."

Aliifunga kwa waya. Pedi za zamani alizitoa kwa vidole. Moja ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha, nyingine haikubaki kitu, chuma kitupu kinachong'aa. Alimpa baba, naye akaipitisha kidole gumba, huku na huku.

"Diski ina mistari?"

"Inayo."

"Pitisha ukucha. Unanasa?"

"Kidogo."

"Kidogo tunaisamehe."

Alisugua kwa brashi ya waya mahali pedi zinapokaa, akachomoa pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, akazifuta, akazipaka grisi, akazirudisha. Alifungua kifuniko cha mafuta ya breki kwenye injini, kisha akaisukuma pistoni, kile chuma cha duara kinachosukuma pedi, irudi ndani kwa kuibana na jiriwa, kibano cha skrubu, polepole, kama alivyoambiwa. Mafuta yalipanda kwenye chupa yake bila kumwagika. Alifanya yote hayo kwa utulivu uleule aliosomea kadi za harusi. Hakuwa na hofu, na hakuona fahari pia. Aliona bolti, akaona spana namba kumi na nne.

Jirani alichungulia juu ya ukuta akiwa na mswaki mdomoni. "Dereva! Umepata utingo mwanamke?"

"Umeona vibaya," baba alijibu. "Huyo ndiye fundi. Utingo ni mimi."

"Mshahara anakulipa?"

"Ananilipa matusi. Sogea, unatuzibia jua."

Koma alipokwisha kuweka pedi mpya, baba aliomba asogezewe kiti. Aliinama, akapapasa.

"Hiki kibati umekiweka nje."

"Kinakaa wapi?"

"Ndani. Ndicho kinacholia pedi zikikaribia kwisha. Chuo kikuu ulisoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Na pedi zenyewe mbili tu."

Alizitoa, akazibadilisha. Kalipa ilirudi chini, bolti ikakazwa, tairi likarudi. Ilikuwa saa nne. Walikunywa chai, yeye kikombe kizima, baba mafunda mawili, kisha Koma akahamia upande wa kulia, na safari hii baba hakumwelekeza. Alikaa na fimbo katikati ya magoti akisikiliza. Koma alilegeza nati zikiwa chini. Aliweka stendi. Alifunga kalipa kwa waya. Alikuwa anazitoa pedi za zamani aliposema, "Ulisema unafunga Jumatatu. Nimekuwahi. Kesho tutatoka saa kumi na moja na nusu kama kawaida, hakuna atakayetugeukia barabarani."

"Sikusema za gari," baba alijibu.

"Za nini?"

"Breki. Ijumaa sikuwa nasema za gari."

Koma alikuwa amechuchumaa na pedi moja mkononi. Aliendelea kuchuchumaa.

"Nimechoka, mwanangu. Kesho siendi, na Jumatano siendi. Nimefunga breki mimi."

Ng'ambo ya ukuta jirani alikuwa anafua, wakamsikia akimwaga maji.

"Umemwambia daktari?"

"Jumatano, ulipokuwa kwenye benchi na kadi zako. Kaniuliza mara tatu kama nina hakika. Kanirudia tena Ijumaa, akaniuliza upya. Kuna karatasi ndani ya koti langu, nimeshatia sahihi. Kanieleza itakavyokuwa. Usingizi, zaidi. Watatupa dawa ya maumivu na ya kupumua."

"Alisema muda gani?"

"Wiki. Pengine na siku kadhaa."

Koma aliiweka pedi ya zamani chini, juu ya gazeti, karibu na mwenzake. Alizinyoosha zikae sambamba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia garini."

"Ulisema kufunga breki."

"Ndiyo kukwambia kwenyewe. Wewe ndiye msoma makosa ya watu, nikadhani utaelewa." Alisema kwa utani, lakini utani haukufika mbali, akaongeza kwa sauti ya chini, "Kisha ukasema Jumapili. Nikaona nisikukatize."

"Umeniacha nifanye kazi yote hii."

"Mimi naondoka, gari linabaki. Sitaki ukae na breki mbovu."

Koma alingoja aone kitakachokuja ndani yake. Aliwaza juu ya mtu anayeambiwa jambo kama hilo, kwamba angeangusha kitu, au angesimama, au angemshika baba yake magotini. Hakuna kilichokuja. Ilikuwa kama kubonyeza fizi iliyotiwa ganzi: unajua kidole kiko pale, basi.

"Na nikikuomba?" aliuliza.

"Ukiniomba nitaenda," baba alisema. "Kwa hiyo nakuomba usiniombe."

Koma alichukua jiriwa, akaisukuma pistoni ndani. Akaweka pedi mpya, kibati ndani. Akashusha kalipa, akaikaza.

"Nati zinakazwa kwa kuzunguka au kwa kuruka?"

"Kwa kuruka. Ya juu, ya chini, kisha za pembeni. Tairi likae sawa."

Alikaza ya juu, akakaza ya chini.

Gari liliposhuka chini, baba alimwambia aingie akanyage breki kabla ya kuwasha. Pedali ilizama mpaka sakafuni kama amekanyaga tope. Alikanyaga mara ya pili, ya tatu, ya sita, ikaanza kumrudishia mguu, ikawa ngumu. Aliangalia mafuta, akafunga kifuniko. Baba alishikilia kuingia garini. Walitoka mpaka mwisho wa mtaa kwa mwendo wa baiskeli, wakasimama, wakaenda, wakasimama. Mkwaruzo haukuwapo tena.

"Kanyaga tena," baba alisema akiwa amefumba macho. "Tena. Haya, turudi."

Usiku huo Koma alifua ovaroli ya baba aliyoiazima. Karatasi aliisoma mezani. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na haikuwa na kosa. Sahihi ya baba ilipanda juu ya mstari kama kawaida yake.

Jumatatu aliamka saa kumi na nusu, kwa mazoea. Alikuta taa ya chumba cha baba inawaka. Baba amelala chali, macho wazi, shuka imefika kifuani.

"Umeamka bure," alisema.

"Lazima karatasi ifike. Tusipofika, watatupigia simu wakidhani umezidiwa."

"Haya. Usikimbize. Pedi mpya hazitaki kukimbizwa."

Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Hapo angeweza kumwomba. Aliyapanga maneno kichwani, yakawa matatu tu, na hayakuhitaji mkato. Baba alikuwa anamtazama, akayaona yanakuja, akageuza uso ukutani taratibu, kama mtu anayempisha mwingine kwenye ngazi.

"Narudi saa moja," Koma alisema.

Barabara ilikuwa tupu. Kiti cha kushoto kilikuwa na mto wa baba, naye hakuuondoa. Kila aliposimama kwenye taa, gari lilisimama, lakini lilivuta kidogo kuelekea kushoto, na ilimbidi aushike usukani kwa nguvu kurudisha.

Muuguzi wa zamu alikuwa anaandika majina ubaoni. Alimwona, akatazama nyuma yake. "Dereva yuko wapi? Anaegesha yeye leo?"

Koma alimpa karatasi. Muuguzi aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi.

"Yeye mwenyewe kaamua?"

"Ndiyo."

"Na wewe, dada?"

"Mimi nimeleta karatasi."

Muuguzi aliinuka, akaja upande huu wa meza, akamshika bega. Koma alimwacha ashike. "Sikiliza," muuguzi alisema. "Akibadili mawazo mlete. Leo jioni, keshokutwa, saa yoyote. Hatutamuuliza kwa nini. Na mkihitaji mtu wa kuja nyumbani, namba ni hii. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Muuguzi alifuta jina la baba ubaoni kwa ncha ya kidole, si kwa kitambaa. Kwenye benchi la nje palikuwa na mzee mwingine na kijana wake wanasubiri.

Aliporudi nyumbani, baba alikuwa ametoka mwenyewe, ameketi uani, koti juu ya nguo za kulalia. Alikuwa amenywa maji. Jagi kubwa lilikuwa pembeni yake, limebaki nusu.

"Zinalia?"

"Hazilii."

"Linavuta?"

"Kushoto. Kidogo."

Baba alikunja uso. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa alionekana kukasirika kweli. "Halipaswi kuvuta. Toa tairi la kulia."

"Sasa hivi?"

"Una safari?"

Hakuwa na safari. Ilikuwa saa moja na nusu ya Jumatatu na hapakuwa na mahali popote walipotakiwa kuwa. Alileta spana, matofali, stendi. Alilegeza nati, akanyanyua, akatoa tairi, akafungua bolti ya kalipa. Baba alijivuta na kiti chake hadi karibu, akaomba apewe pini, akaizungusha kati ya vidole, akainusa.

"Hii kavu."

Koma aliitazama. Ilikuwa kavu kabisa, na kutu yake.

"Hukuipaka grisi. Kalipa haitelezi, upande huu haubani, gari linaenda kwa mwenzake. Kushoto uliipaka?"

"Niliipaka."

"Na hii ulisahau."

"Nilisahau."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Ulikuwa unaongea, baba."

Baba aliendelea kuishika pini. "Basi," alisema, "leo nitanyamaza. Lete grisi."

Alikwenda ndani kuichukua. Simu yake ilikuwa inalia juu ya meza. Alikuwa mmoja wa vijana wa kukata karatasi: mitihani ya shule imekaa tayari, mashine inasubiri, Koma atafika saa ngapi?

"Leo siji," alisema. "Na kesho siji. Someni wenyewe."

"Kuna nini? Mzee kalazwa?"

Kutoka uani baba aliita, kwa sauti ya mtu anayeita toka ndani ya lori, kwamba grisi haiji yenyewe kwa miguu.

"Hapana," Koma alisema. "Yuko hapa. Ananigombeza."